Jenerali Aliyeliamkia Soko

Muulize mwanafunzi yeyote wa mji huu, hata wa kile chuo cha ng'ambo ya mto kinachojidai, chuo chetu kinajulikana kwa nini. Hatakutajia kitivo cha udaktari, ingawa kipo na kina jengo la vioo. Hatakutajia mawaziri waliosoma hapa. Hao tunawajua, na wengine tungefurahi kama wangefeli mapema. Atakuambia: masanamu. Atainua mikono kukuonyesha urefu, atavimbisha mashavu, na utajua anamwigiza mkubwa fulani aliyekwisha kufa au kukimbia nchi.

Kila mwaka, siku ya mechi kati yetu na wa ng'ambo, wanafunzi hutoa sanamu la mianzi na karatasi, refu kupita paa la kituo cha basi, la mkubwa aliyewaudhi watu mwaka ule. Hutoka nalo geti kuu, hupita nalo soko la Nong Bua, huvuka nalo daraja mpaka uwanjani. Mpira wenyewe, sijaona mtu anayekumbuka nani alishinda.

Mimi sikusoma pale. Nilikuwa kijana wa kiwanda cha magunia, na mwaka wa mgomo wetu wanafunzi walituficha mabwenini wakatulisha wali wa kunata uliofungwa kwa majani ya mgomba. Tangu hapo sijaondoka karibu na geti lile. Kusoma nilijifunzia kwenye mabango yao. Herufi yangu ya kwanza ilikuwa kubwa kama mlango. Nilipobeba sanamu mara ya kwanza nilishika mguu wa kushoto. Mguu wa kulia aliushika Somkhit, mwanafunzi wa kilimo, aliyepigwa risasi darajani mwaka uliofuata, na mpaka leo hakuna aliyeulizwa.

Sisemi haya nipigiwe makofi. Nasema kwa sababu wakubwa wa nchi hii wana hesabu moja tu wanayoiweza: mwanafunzi hukaa miaka minne. Zuia kitu mpaka aliyekiona wa mwisho ahitimu, na hutahitaji kukipiga marufuku tena. Kitakufa chenyewe, kimya kimya, bila damu, bila picha gazetini. Risasi waliiacha walipoijua hesabu hii. Hesabu ni rahisi zaidi.

Basi wakaanza kuhesabu. Mwaka wa kwanza walisema hakuna sanamu kwa sababu ya ugonjwa. Mwaka wa pili, kwa sababu ya usalama. Mwaka wa tatu, ambao ndio huu ninaousimulia, walisema wananchi bado wana majonzi ya mafuriko, si vizuri kucheka. Wananchi wenyewe hawakuulizwa.

Katika chuo kizima lilikuwa limebaki kundi moja la wanafunzi waliowahi kuona sanamu likitembea, nao walikuwa mwaka wa mwisho. Na katika kundi hilo, aliyewahi kulitia mkono, kuchemsha gundi ya unga na kupinda mwanzi juu ya moto, alikuwa mmoja: Phakawadi, ambaye kila mtu anamwita Phueng, yaani nyuki. Mfupi, sauti ya kukwaruza, hasira karibu. Akihitimu bila sanamu kutoka, imekwisha. Alilijua hilo. Mkuu wa chuo naye alilijua.

Kwao Phueng ni kijiji cha Tha Kok, chini ya bwawa. Maji yalipofunguliwa bila onyo, mama yake alikaa juu ya paa na cherehani yake ameifunika kwa plastiki. Ndipo waziri wa maji, Jenerali Thawon, akapita kwa helikopta, na akiwa huko huko juu akawaambia waandishi wa habari kwamba wanakijiji wasilalamike sana, wafuge bata. Maneno hayo yalirushwa nchi nzima. Hakuomba radhi. Jenerali haombi radhi, wala haanzi kumwamkia mtu. Yeye hungoja kuamkiwa.

"Huyo huyo," Phueng alisema siku aliponikuta kwenye banda la nyuma ya kitivo cha kilimo. "Mjomba Sawaeng, huyo huyo. Ndani ya beseni, na bata kichwani."

"Bata mmoja?"

"Mmoja anamtosha. Kichwa chenyewe hakina nafasi."

Walikuwa wachache, wengi wao mwaka wa kwanza, hawajui hata kisu kinashikwaje kwenye mwanzi. Aliyejua kidogo ni Kla, kijana wa mwaka wa pili wa uhandisi, mrefu, mbishi, ambaye hakuwahi kuona sanamu ila alisimuliwa na kaka yake. Ndiye aliyetia mfuko wa mchanga tumboni mwa Jenerali, na kamba kutoka kwenye mfuko hadi mabegani. Ukilitikisa sanamu, mfuko unashuka, mikono inapanda, viganja vinakutana kifuani na kichwa kinainama. Ukiliacha, linarudi kuwa Jenerali.

Siku walipolijaribu, msichana mmoja wa mwaka wa kwanza akaunganisha viganja vyake akaitika salamu. Alipogundua alichokifanya akajiziba uso.

"We mtoto!" Phueng akacheka mpaka akakaa chini. "Unaitika karatasi?"

"Dada, si mimi, ni mikono!"

Na ni kweli. Kwetu mtu hufundishwa salamu ya viganja kabla hajajua kutembea. Mikono hujibu, kichwa hufuata baadaye kuuliza ilikuwa nani.

Siku tatu kabla ya mechi akaja Mwalimu Surang, makamu wa mkuu wa chuo, mama wa miwani ya dhahabu, ambaye zamani, na hili nalikumbuka hata kama yeye amelisahau, alipaka rangi sikio la sanamu la mfanyabiashara wa mchele. Alilitazama beseni. Alimtazama bata. Mdomo ulimcheza kidogo, akaubana.

"Phakawadi, sikiliza. Nimekupigania. Mkuu amekubali lisimame kwenye nyasi, ndani ya geti, muda wa sherehe. Basi."

"Mwalimu, sanamu halisimami. Linatembea."

"Mwaka huu linasimama."

"Sokoni wanalingoja."

"Sokoni wana kazi zao." Mwalimu akashusha sauti. "Mwanangu, mwanafunzi yeyote atakayelitoa sanamu hili nje ya geti, shahada yake aisahau. Haya si maneno yangu. Mama yako amekusomesha kwa cherehani. Usimfanyie hivyo."

Nyumbani kwao Phueng, ukutani, juu kidogo ya mstari wa tope ulioachwa na maji, mama yake alikuwa ameacha nafasi ya picha ya mahafali. Msumari ulikwisha pigiliwa. Mimi nimeuona.

Mwalimu alipoondoka, Kla akatema mate. "Sisi tulitoe. Sisi wa mwaka wa pili. Wewe kaa pembeni, dada."

"Halafu wakufukuze wewe? Nani atabaki na ufundi, huyu anayeitika karatasi?"

"Sasa tufanye nini?"

"Litasimama kwenye nyasi," Phueng akasema. "Angalau watoto wataliona limesimama."

Nilitaka kumwambia kwamba kuona limesimama si kuona likitembea, kama vile kuona picha ya samaki si kula. Lakini alijua.

Siku ya mechi jua lilikuwa kali. Nyasi zilijaa watu tangu asubuhi: wanafunzi wenye ngoma, wazee waliohitimu zamani, Shangazi Lamyai na jiko lake la kuku wa kuchoma, ambaye aliruhusiwa kuingia kwa sababu walinzi nao wanakula. Na katikati, Jenerali ndani ya beseni lake, tumbo nje, nishani za vifuniko vya chupa, bata kichwani. Watu walipiga picha. Walicheka. Lakini kilikuwa kicheko cha kwenye maonyesho, cha mtu anayepita kuelekea kwingine. Nilimwona Phueng amesimama nyuma ya beseni, mkono kwenye mwanzi, kama mtu aliyemshika mgonjwa.

Ndipo akaingia Kapteni Phanom wa kituo cha polisi cha mjini, na askari sita. Buti zinang'aa, kifua mbele. Mtu wa hapa hapa. Mama yake anauza kachumbari ya papai bichi pale sokoni. Alikuwa ametumwa kukagua kama sanamu lina uso wa mtu anayejulikana.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni mfugaji wa bata, afande," akasema Phueng.

Watu wakacheka. Kapteni akageuka, kicheko kikashuka. Akalizunguka sanamu, akagonga beseni kwa kirungu, akarudi mbele, akasimama uso kwa uso na lile tumbo, akainua kichwa kutazama nishani.

"Mfugaji wa bata anavaa nishani?"

"Bata wake wengi, afande."

"Unacheza na mimi, binti?" Na kwa hasira akalipiga sanamu teke.

Mfuko wa mchanga ukashuka. Mikono ikapanda. Viganja vikakutana kifuani na kichwa kikubwa kikainama taratibu, kwa heshima zote, mpaka bata akawa sawa na kofia ya kapteni.

Na Kapteni Phanom, mtoto aliyelelewa vizuri na mama yake, akaunganisha viganja na kirungu kikiwa katikati, akainamisha kichwa akaitika.

Mafuta ya kuku yalisikika yakidondokea makaa. Halafu ndugu zangu, nyasi zote zililipuka. Watu walilia. Mzee mmoja aliyehitimu enzi za Somkhit alishika mgongo wangu asianguke. Simu zilikuwa juu kama mashina ya mpunga. Hata askari mmoja aligeuka akajifanya anakohoa.

Kapteni akawa mwekundu kutoka kwenye kola kwenda juu. "Pakieni!" akapiga kelele. "Pakieni takataka hili! Ushahidi! Kituoni, sasa hivi!"

"Tulivunje, afande?" askari akauliza.

"Nimesema ushahidi! Mkuu wa wilaya anataka kuliona zima!"

Gari lao lilikuwa pikapu ya wazi. Walipolirudisha nyuma kuja kwenye nyasi, Kla aliruka akalala chini mbele ya magurudumu. "Mtapita juu yangu! Mwaka wa tatu huu mnatuzuia! Hamlichukui!" Wengine watano wakalala pembeni yake. Ngoma zikaanza kupigwa kwa hasira, na askari wakatoa virungu. Nimeyaona haya mara nyingi. Najua yanavyoishia.

Phueng alikuwa hajasogea. Alitazama pikapu. Alitazama geti. Kisha akatazama barabara ya nje, ile inayoshuka sokoni, kwa sababu kwenda kituoni hakuna njia nyingine. Njia ya mto ilichukuliwa na mafuriko, na wizara ya Jenerali mwenyewe haijairudisha.

Nikaona uso wake unabadilika.

"Kla, inuka," akasema.

"Siinuki!"

"Inuka, mdogo wangu. Wasaidie kupakia."

"Umerogwa?"

"Inuka, nasema! Mshike bega, wewe shika beseni." Akamgeukia askari aliyekuwa anamvuta Jenerali kwa kumlaza, akaunganisha viganja kwa adabu ya kupitiliza. "Kaka, samahani. Msimlaze. Akilala, mianzi itavunjika na afande atakosa ushahidi mzima. Asimame. Tena afungwe kamba kiunoni, asianguke njiani mkaja kuulizwa."

Askari akamtazama kapteni. Kapteni, aliyekuwa anataka jambo moja tu duniani, yaani kuondoka pale, akapunga mkono. "Fungeni! Haraka!"

Basi walilifunga vizuri sana. Sijawahi kuona sanamu likifungwa vizuri vile, na polisi. Kla akiwa ameshika ngazi ya kupandia garini, nilimwona midomo inamtetemeka. Naye alikuwa ameelewa.

Pikapu ikatoka getini. Kapteni mbele kwa dereva, askari wanne nyuma wamemzunguka Jenerali kama walinzi wa heshima. Mbele kidogo tu nyaya za umeme zilikuwa zimeshuka, ikabidi askari mmoja apande juu ya paa la gari na ufagio, awe anaziinua ili mheshimiwa apite.

Na barabara yetu mnaijua. Tangu maji yapungue, ni mashimo na mashimo.

Shimo la kwanza lilikuwa mbele ya duka la dawa. Gari likatumbukia, mfuko ukashuka, na Jenerali Thawon, waziri wa maji, ambaye maishani mwake hakuwahi kumwamkia mtu kwanza, akaunganisha viganja akamwinamia mwenye duka la dawa. Mwenye duka akaitika. Kisha akaweka chini alichokuwa ameshika, akatoka nje mbio.

"Jamani njooni! Wamemleta!"

Shimo la pili, wauza samaki. Shimo la tatu, mafundi cherehani. Mikono ya soko zima ilikuwa inaitika kabla ya vichwa, na vichwa vilipofika vikaangua kicheko. Wanawake walipanda juu ya meza za mboga. "Marahaba, Jenerali! Marahaba!" "Umekuja kuomba radhi, mheshimiwa?" "Bata wangu wamekufa, nilipe!" "Inama tena, hukunifikia mimi!" Na gari likiingia shimo jingine anainama tena, kwa upole, kwa kila mtu, kwa muuza chumvi, kwa kibogoyo anayeuza tiketi za bahati nasibu.

Nyuma ya gari tulifuata sisi. Hakuna aliyekuwa amebeba kitu. Mikono mitupu, ngoma tu, na watoto wa mwaka wa kwanza kwa mamia, wakikimbia, wakiona kwa macho yao kitu walichokuwa wanakisikia kama hadithi za bibi. Yule binti aliyeitika karatasi alikuwa anakimbia huku analia na kucheka, kiatu kimoja kimepotea.

Karibu na mwisho wa soko gari lilikwama kwa wingi wa watu, mbele ya meza ya kachumbari. Mama wa kapteni akasimama na mchi mkononi. Alimtazama Jenerali. Alimtazama mwanawe ndani ya gari.

"Phanom! Unampeleka wapi huyo?"

"Mama, niko kazini. Waambie watu wapishe."

"Kaka yako mto ulimchukulia trekta, na wewe unamsindikiza huyu kwa ufagio?"

Kapteni akapandisha kioo. Mama akaipiga boneti ya gari kwa mchi, mara moja tu, na Jenerali akamwinamia. Yeye hakuitika. Katika soko lote ni yeye peke yake aliyeizuia mikono yake.

Jenerali alikaa uani kwa polisi mpaka mvua ikamla. Hawakuthubutu kumchoma, kwa sababu ukutani watu walikuwa wanachungulia kila siku.

Mwezi uliofuata Phueng aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Milango ilikuwa wazi kwa sababu ya joto, nasi tulijaa ukumbini.

"Nani alilitoa sanamu nje ya geti?" Mwalimu Surang akauliza.

"Polisi, mwalimu."

"Nani alilipandisha garini?"

"Polisi. Sisi tulishika ngazi. Tuliamrishwa tufanye haraka."

"Nani alipanga lipite sokoni?"

"Mafuriko, mwalimu."

Mwalimu Surang aliinamia meza muda mrefu, na ninaapa mabega yake yalikuwa yanacheza. Lakini pembeni yake walikaa wanaume wawili kutoka wizarani, na hao hawakuwa wanacheka. Wakatafuta kosa jingine, wakalipata: kumvunjia heshima ofisa wa serikali akiwa kazini. Shahada izuiwe mwaka mmoja. Na katika mwaka huo afike chuoni kila wiki, afundishwe maadili chini ya uangalizi.

Ukumbi ulizomea. Phueng alisimama wima, macho yamemjaa maji, na nilijua anauona msumari ule ukutani. Kisha nikamwona anapiga hesabu. Akageuka akanitafuta kwa macho kati ya watu.

"Mwaka mzima?" akawauliza wale wawili. "Niwe hapa hapa chuoni?"

"Mwaka mzima," mmoja akasema, ameridhika.

"Sawa," akasema. "Nitafika."

Wajinga hawa. Silaha yao ilikuwa moja tu, miaka, na wakampa.

Jioni alimpigia mama yake simu mbele yetu, bandani. "Ukuta haujabomoka," mama akasema. "Msumari utangoja. Yule bata mlimpaka rangi gani? Hapa wanabishana."

Sasa hivi, ninapoandika, mvua zimeanza na banda linanuka unga uliochemka. Phueng hufika kila wiki kufundishwa maadili. Akimaliza kufundishwa, anakuja kufundisha. Watoto wa mwaka wa kwanza ni wengi kuliko mianzi. Wote waliona au waliwaona walioona, na wana miaka yao minne mbele yao. Kla anagombana nao kuhusu pua.

"Dada," mmoja akauliza juzi, "mbona tunajenga mwili bila kichwa? Wa mwaka huu ni nani?"

Phueng alikuwa anapinda mwanzi juu ya moto. Hakuinua macho.

"Mwaka bado mchanga," akasema. "Ngoja waseme kitu."